Filamu nne za askari kanzu wa Marekani zilizotengenezwa kwa fedha kidogo: uanze na ipi?

Mtu anayetaka kuzifahamu filamu za upelelezi za Marekani zilizotengenezwa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia hukutana mapema na tatizo la wingi. Zilitoka nyingi sana, karibu zote zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe, zikiwa na waigizaji ambao majina yao hayakuwa ya kujaza ukumbi, na visa vyake hufanana mno ukivisoma kwa muhtasari: kuna jambazi, kuna askari, kuna usiku. Makala haya yanalinganisha nne kati ya zile zinazostahili kutazamwa leo, nazo ni He Walked by Night ya mwaka 1948, The Narrow Margin ya mwaka 1952, Crime Wave ya mwaka 1954 na The Big Combo ya mwaka 1955. Zote nne zina mpelelezi wa polisi katikati ya kisa, zote zilitengenezwa kwa bajeti ndogo, na zote humalizika kabla ya saa moja na nusu. Hata hivyo, aliyeifurahia mojawapo anaweza kuichoka nyingine kabla haijafika nusu, kwa sababu kila moja inatafuta jambo tofauti katika kazi ya polisi.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini filamu hizi zilikuwa fupi na za gharama ndogo. Kwa miaka mingi majumba ya sinema ya Marekani yaliuza tiketi moja kwa filamu mbili. Ile kubwa, yenye nyota wanaojulikana, ililipwa kwa asilimia ya mapato ya mlangoni, lakini ile ya pili kwa kawaida ilikodishwa kwa kiasi kilichopangwa kabla. Mtengenezaji wa filamu ya pili alijua mapema kwamba hata ikipendwa vipi haitamletea zaidi ya kiasi hicho, kwa hiyo njia yake ya kupata faida ilikuwa kutumia siku chache, mandhari chache na waigizaji wa mshahara wa kawaida. Si filamu zote nne zilizobanwa kwa namna moja, kwa kuwa mbili zilitoka katika studio kubwa na mbili nje yake, lakini zote zilizaliwa ndani ya hesabu hiyo, na hesabu hiyo inaonekana katika karibu kila picha.

Vigezo vya ulinganisho ni vitano. Cha kwanza ni namna askari na kazi yake wanavyoonyeshwa, kwa sababu hicho ndicho kinachozitenganisha filamu hizi kuliko kingine chochote. Cha pili ni uhaba wa fedha uligeuzwa kuwa nini. Cha tatu ni jiji, mwanga na giza. Cha nne ni mwendo wa kisa pamoja na ugumu wa Kiingereza chake, jambo linalomhusu sana mtazamaji anayetegemea manukuu. Cha tano ni ukali wa matukio, ili ujue utazame na nani. Miisho haitafichuliwa, ingawa tukio moja moja la katikati litaelezwa.

Visa vyenyewe

He Walked by Night inamfuata mwizi wa vifaa vya kielektroniki jijini Los Angeles, mtu mpweke na mwerevu anayeigizwa na Richard Basehart, ambaye usiku mmoja anampiga risasi askari aliyemtilia shaka mbele ya duka. Kisa kimejengwa juu ya matukio ya kweli ya Erwin Walker, aliyewahi kufanya kazi katika idara ya polisi ya Glendale, akapigana vitani, kisha akafanya mfululizo wa uhalifu Los Angeles katika miaka ya 1945 na 1946. Jina la mwongozaji linaloonekana ni la Alfred Werker, lakini Anthony Mann aliongoza sehemu ya filamu bila kutajwa.

The Narrow Margin, iliyoongozwa na Richard Fleischer, inaanzia Chicago, ambako Sajini Walter Brown, anayeigizwa na Charles McGraw, ametumwa kumchukua mjane wa jambazi mkubwa na kumpeleka Los Angeles kwa treni ili akatoe ushahidi. Wauaji waliomo katika treni hiyo wanamjua askari kwa sura lakini mwanamke hawamjui, na kisa chote kinategemea pengo hilo.

Crime Wave ya André De Toth inamhusu Steve Lacey, mfungwa wa zamani aliyeachiwa kwa masharti, ambaye ana mke, ana kazi na hataki matatizo tena. Wafungwa watatu waliotoroka gereza la San Quentin wanamfuata wakitaka hifadhi na msaada, huku Luteni Sims wa polisi, anayeigizwa na Sterling Hayden, akimkandamiza kutoka upande mwingine ili awe mpasha habari.

The Big Combo ya Joseph H. Lewis inamweka Luteni Diamond, anayeigizwa na Cornel Wilde, dhidi ya kiongozi wa genge anayeitwa Bwana Brown tu, ambaye mikono yake inaonekana safi kila mahali. Katikati yao yupo Susan, mwanamke wa Brown, ambaye luteni amempenda kwa mbali katika siku zile zile anazomchunguza.

Askari na kazi yake

Katika He Walked by Night askari ni kundi, hata ukimaliza filamu utayakumbuka waliyoyafanya kuliko majina yao. Tangu mwanzo tunaambiwa kuwa kisa ni cha kweli na kwamba majina tu yamebadilishwa, kisha sauti ya msimulizi inatuingiza katika makao ya polisi kama mgeni anayetembezwa. Tukio lililo bora zaidi katika mtindo huu ni lile la kutengeneza sura ya mhalifu. Watu aliowaibia wamekusanywa katika chumba chenye giza, na mbele yao vinaonyeshwa kwa slaidi vipande vya uso, aina moja ya nywele baada ya nyingine, kisha macho, pua na kidevu. Mmoja anakataa, mwingine anasahihisha, wa tatu anakubali nusu, na polepole kutoka katika mabishano hayo unatokea uso wa mtu ambaye sisi tayari tunamjua, na ambaye wao hawajawahi kumwona pamoja. Hakuna risasi inayopigwa katika tukio hilo wala anayekimbia, lakini ni vigumu kuondoa macho. Mwigizaji Jack Webb, anayeigiza fundi wa maabara, alifahamiana wakati wa utengenezaji na sajini wa polisi aliyekuwa mshauri wa filamu, na kutokana na mazungumzo yao kikazaliwa kipindi cha Dragnet, kilichoanza redioni mwaka 1949 na baadaye kuhamia kwenye televisheni. Kwa hiyo anayetaka kujua ule mtindo wa tamthilia za polisi zinazofuata ushahidi hatua kwa hatua ulitoka wapi, mojawapo ya chemchemi zake ni hapa.

Upo upande ambao mtazamaji wa leo hapaswi kuupita kimya. Filamu hii inaonyesha kwa fahari msako ambao watu wengi wanakamatwa na kuhojiwa bila ushahidi wowote dhidi yao, na msimulizi anausimulia kama kazi ya kawaida iliyofanywa vizuri. Filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano wa polisi, nayo inasimama upande wao.

The Narrow Margin ina askari mmoja tu wa kumtegemea, na kazi yake si kuchunguza bali ni kuvumilia. Brown amempoteza mwenzake kabla hata ya kupanda treni, anamchukia mwanamke anayemlinda, na mara kwa mara anapewa nafasi ya kuuza heshima yake kwa fedha nyingi. McGraw, mwenye sauti iliyokwaruza na taya kama limechongwa, haonyeshi kwa maneno kama anashawishika, na kutojua kwetu ndiko kunakoipa filamu uzito. Swali la rushwa halimalizwi kwa hotuba. Linabaki katika behewa pamoja na abiria wengine hadi mwisho.

Sims wa Crime Wave ni askari asiyependeza hata kidogo, nami namwona kuwa ndiye aliyechorwa kwa ukweli mkubwa kuliko wote wanne. Ni mrefu kiasi cha kujaza milango, amechoka, nguo zimemkunjamana, na mdomoni hana sigara bali kijiti cha meno, kwa kuwa daktari amemkataza kuvuta. Anaamini kwamba mtu aliyewahi kuwa mhalifu hawezi kubadilika, na kwa imani hiyo anamsukuma Lacey hadi ukutani. Historia iliyo nyuma ya kamera inaliongezea jambo hili maumivu. Mwaka 1951 Hayden alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti na akawataja watu aliowafahamu, kitendo alichokijutia hadharani baadaye. Halafu hapa anaigiza mtu anayemlazimisha mwingine kuwa mtoa majina. Nedrick Young, anayeigiza jambazi aliyejeruhiwa na kuangukia mlangoni pa Lacey, baadaye alikataa kujibu maswali ya msako huo huo, akafungiwa kazi, na akashinda Oscar ya uandishi kwa filamu ya mwaka 1958 akitumia jina la kubuni. Sidhani kama watengenezaji walikusudia maana hiyo, lakini ukishaijua huwezi kuitazama filamu bila kuiona.

Diamond wa The Big Combo amevuka mpaka wa kazi. Mkubwa wake analalamika kuhusu fedha za serikali zinazoteketea katika uchunguzi usiozaa kitu, Brown anamdhihaki kwa mshahara wake mdogo, na wote wawili wana hoja. Hapa upelelezi ni kisingizio cha wivu, na filamu haituombi tumheshimu luteni. Inatuomba tumwangalie akifanana zaidi na adui yake kila saa inapopita. Anayetafuta utaratibu wa polisi atapata kidogo sana.

Uhaba wa fedha uligeuzwa kuwa nini

Hapa ndipo The Narrow Margin inapoheshimiwa na wengi, na kwa haki. Ilipigwa picha mwaka 1950 kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha studio ya RKO, iliyokuwa chini ya Howard Hughes, ikakaa nayo zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuitoa. Desturi ya kutengeneza filamu za treni ilikuwa kujenga behewa juu ya mitambo inayolitikisa. Fleischer hakuwa na fedha za mitambo hiyo, kwa hiyo behewa likagandishwa sakafuni na kamera ndiyo ikatikiswa, na mtazamaji anaamini kabisa kwamba treni inakwenda. Hakuna muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu. Kuna magurudumu, honi, milango ya chuma inayofunguka na kufungwa, na santuri ambayo mwanamke anaipiga ndani ya chumba chake wakati askari anataka ukimya. Ujia wa behewa ni mwembamba kiasi kwamba abiria mmoja mnene anatosha kuufunga, na Fleischer anaitumia hali hiyo mara kadhaa kwa wasiwasi wa kweli. Mapigano makali ya ngumi yanafanyika katika chumba kidogo kiasi kwamba kamera haina pa kwenda ila kuingia katikati ya wanaopigana.

Crime Wave nayo ilipigwa kwa muda mfupi wa aina hiyo, lakini De Toth alichukua njia ya kinyume: badala ya kujifungia, alitoka nje. Warner Bros. ilikuwa studio kubwa, na inasimuliwa kwamba angeweza kupewa nyota mkubwa pamoja na siku nyingi, lakini akamtaka Hayden na akakubali muda na fedha kidogo. Barabara, benki, kituo cha mafuta na ofisi za polisi katika jengo la manispaa ya Los Angeles ni za kweli, na hazikuhitaji kujengwa.

He Walked by Night ilitoka Eagle-Lion, kampuni ndogo, nayo ilifidia uhaba kwa njia mbili, yaani msimulizi anayeunganisha matukio ambayo yangegharimu kuyaonyesha, na mitaro mikubwa ya maji ya mvua iliyo chini ya Los Angeles. Mitaro hiyo ilikuwa tayari, ilikuwa ya serikali, na hakuna studio ambayo ingeweza kujenga kitu cha kutisha hivyo.

The Big Combo ilitengenezwa na kampuni huru zilizohusisha ile ya Wilde mwenyewe, aliyekuwa wakati huo mume wa Jean Wallace anayeigiza Susan, na ikasambazwa na Allied Artists. Mandhari yake ni machache, na mengine ni ukuta na taa tu. Kinachoifanya ionekane ya kitajiri ni mtu mmoja, ambaye anastahili sehemu yake.

Jiji, mwanga na giza

John Alton, mzaliwa wa Hungaria, ndiye mpigapicha mkuu wa filamu mbili kati ya hizi, He Walked by Night na The Big Combo. Mwaka 1949 alichapisha kitabu kuhusu ufundi wa mwanga wa filamu, na baadaye akashiriki Oscar kwa filamu ya rangi ya mwaka 1951, lakini kazi zake zinazofundishwa zaidi ni hizi za bei ndogo. Alikuwa akitumia taa chache kuliko wenzake. Kwa mtengenezaji hilo lilimaanisha saa chache na umeme mdogo. Kwa mtazamaji lilimaanisha kwamba sehemu kubwa ya picha ni nyeusi kabisa, na macho yanalazimika kwenda pale pale anapotaka.

Katika He Walked by Night giza hilo lina kazi ya kueleza. Askari wakiingia ndani ya mitaro, mwanga unaonekana kutoka katika tochi zao wenyewe, kuta zenye unyevu zinang'aa na kutoweka, na sauti ya nyayo inarudi kutoka pande ambazo huwezi kuzitambua. Filamu mashuhuri ya Uingereza iliyomfukuza mhalifu ndani ya mitaro ya Vienna ilikuja mwaka uliofuata. Katika The Big Combo giza ni hali ya moyo. Mwanzoni Susan anakimbia katika ujia wa ukumbi wa ndondi, akipita kutoka kivuli hadi mwanga na kurudi kivulini, na mwishoni kuna ukungu, taa, na maumbo mawili meusi ya watu wasio na sura, picha ambayo imechapishwa mara nyingi kuliko filamu yenyewe ilivyotazamwa. Iliwezekana kwa gharama ya ukungu na taa hiyo.

Crime Wave haina urembo wa namna hii, na inautupa kwa makusudi. Mpigapicha Bert Glennon anaionyesha Los Angeles ilivyo, yenye taa za maduka, lami na magari yaliyoegeshwa, usiku na mchana. Anayependa miji na historia yake atapata hapa kumbukumbu ya jiji ambalo sehemu kubwa yake imeshabadilika. The Narrow Margin, kwa kuwa imefungwa ndani ya treni, karibu haina jiji, inacho kioo. Madirisha ya behewa yanaakisi nyuso, na mwakisiko huo una kazi katika kisa ambayo ni afadhali uigundue mwenyewe.

Kuhusu nakala kuna jambo la kuzingatia kabla ya kuchagua. He Walked by Night haina tena hakimiliki nchini Marekani, kwa hiyo imejaa mtandaoni katika nakala zilizochakaa, zenye weusi uliogeuka kijivu. Ukiitazama kwa nakala kama hiyo hujaitazama kazi ya Alton. Tafuta iliyosafishwa, au anza na nyingine hadi uipate.

Mwendo wa kisa na Kiingereza chake

The Narrow Margin ina dakika 71 na haina hata moja ya ziada. Hata hivyo maneno yake ni ya haraka na makali, hasa kati ya McGraw na Marie Windsor, anayeigiza mwanamke anayelindwa, ambao wanatukanana kwa ustadi ambao manukuu hayaufikii. Ukipitwa na sentensi moja kuhusu nani anajua nini, unaweza kupotea kwa muda, kwa sababu kisa kinageuka ghafla karibu na mwisho.

He Walked by Night, yenye dakika 79, ndiyo nyepesi kuliko zote kwa anayejifunza Kiingereza, kwa kuwa msimulizi anazungumza wazi na polepole, na matukio mengi makubwa hayana maneno. Lipo tukio ambalo mhalifu anajitoa risasi mwilini mwake peke yake, kamera ikiwa juu ya uso wake, na halihitaji tafsiri yoyote. Upungufu wake ni kwamba katikati inapunguza kasi. Maelezo ya msimulizi yanazidi, na kila yanaporudi mvutano unalegea.

Crime Wave ina dakika 73 hivi. Lugha yake ni ya magereza na ya mitaani, ngumu kidogo, lakini nyuso zinaeleza. Miongoni mwa majambazi yumo kijana ambaye bado alikuwa akitumia jina la Charles Buchinsky na ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kama Charles Bronson. The Big Combo ndiyo ndefu zaidi na yenye maneno mengi, baadhi yake yakiwa na uzito wa tamthilia ya jukwaani, hasa ya Richard Conte anayemwigiza Brown. Muziki wake wa saksafoni, uliotungwa na David Raksin, unabeba sehemu ya maana ambayo maneno hayaisemi.

Ukali, na nani wa kutazama naye

Kwa viwango vya leo hakuna damu nyingi katika filamu yoyote kati ya hizi, kwa kuwa kanuni za maadili za sinema ya Marekani za wakati huo ziliwabana watengenezaji. The Narrow Margin inaweza kutazamwa na familia yenye watoto wakubwa bila wasiwasi mwingi. Mna mtoto mdadisi ndani ya treni hiyo anayemsumbua askari kuliko wauaji. He Walked by Night inafaa vilevile, isipokuwa tukio la risasi lililotajwa. Crime Wave ina tishio dhidi ya mke wa Lacey linaloweza kuwasumbua baadhi ya watazamaji.

The Big Combo ni ya watu wazima. Inazungumzia tamaa ya mwili kwa uwazi uliozidi wakati wake, na tukio lake la mateso ni gumu kulisahau: luteni amefungwa kitini, majambazi wanamwekea sikioni kifaa cha kusaidia kusikia cha mmoja wao, kisha wanakielekeza kwenye redio inayopiga ngoma kwa sauti ya juu. Baadaye mtu anauawa huku sauti yote ikiwa imezimwa, na tunaona tu milipuko ya mwanga kutoka midomo ya bunduki. Hakuna jeraha linaloonyeshwa, na bado ni ya kutisha kuliko filamu nyingi zenye damu.

Lipo jambo linalozihusu zote. Wamarekani Weusi karibu hawaonekani, na wanapoonekana ni kama wahudumu, mfano wahudumu wa treni. Wanawake nao hupewa nafasi finyu, ingawa Marie Windsor anaitanua ya kwake kwa nguvu ya uigizaji.

Uchague ipi

Kama hujawahi kutazama filamu ya aina hii na una saa moja na robo tu, ukiwa na Kiingereza kizuri au manukuu mazuri, The Narrow Margin itakupa kisa kamili bila kukuchosha. Kwa kikundi kinachotaka kutazama pamoja na kubishana baadaye pia inafaa, kwa kuwa mgeuko wake unawagawa watu. Wapo wanaouona wa haki na wapo wanaohisi wamedanganywa.

Kama unavutiwa na uchunguzi wenyewe, yaani alama, maabara, mashahidi na subira, au kama unafuatilia tamthilia za polisi na unataka kujua asili yake, chukua He Walked by Night, lakini kwa masharti ya nakala niliyoyaeleza. Ndiyo pia ya kumpendekezea mwanafunzi wa Kiingereza.

Kama swali lako ni lile la mtu aliyetoka gerezani, kwamba je, jamii na polisi watamruhusu aanze upya, Crime Wave inalishughulikia kwa uzito kuliko nyingine zote. Nawashauri pia vijana wanaotengeneza filamu kwa kamera moja na mitaa ya kwao waitazame kwa makini, wakiangalia ni mara ngapi De Toth anaiacha barabara ifanye kazi ya mandhari, na namna anavyowapanga waigizaji katika ofisi finyu ya kweli badala ya kujenga iliyo pana.

Kama unajifunza upigaji picha, au unapenda kisa kinachoingia ndani ya nafsi ya askari kuliko ndani ya jalada lake, The Big Combo ndiyo yako, mradi watoto wamelala na uko tayari kwa luteni usiyeweza kumsifu. Na ukiwa na jioni mbili, itazame siku moja baada ya He Walked by Night: mpigapicha ni yule yule, na kati yake imepita miaka 7 ambamo giza lililokuwa likimficha mhalifu limeanza kumfunika na askari.